John Abbot: Mhamiaji aliyemchora mharibifu wa mahindi yetu

MWAKA 2017 wakulima wengi wa Rwanda walikuta majani ya mahindi yao yametobolewa matundu, na ndani ya moyo wa mmea umejaa uchafu mfano wa unga wa mbao. Wengi walisema ni nkongwa yule yule waliyemzoea. Waliorudi nyumbani kutoka Tanzania walisema la, hawa ni viwavijeshi. Ng'ambo ya mto, Bukavu na Kamanyola, wenzetu walikuwa na jina lao la Kifaransa. Mdudu huyo hakuwa yeyote kati ya wale tuliowazoea. Alikuwa mgeni, na baadaye ilibidi atafutiwe jina jipya: Kinyarwanda kikamwita nkongwa idasanzwe, yaani nkongwa asiye wa kawaida, na Kiswahili kikamwita kiwavijeshi vamizi.

Mgeni kwetu, lakini si mgeni duniani. Miaka 220 kabla ya hapo, mwaka 1797, picha yake ya rangi ilikuwa imekwisha kuchapwa London, pamoja na maelezo ya mmea anaokula na hasara anayoileta. Aliyemfuga mdudu huyo, akamtazama akikua na kumchora, ni John Abbot, Mwingereza aliyehamia Amerika akiwa kijana na asirudi tena kwao. Kwa wataalamu wa wadudu jina lake ni kubwa. Kwetu sisi tunaolima Bugarama na kuuza Kamembe halitajwi, ingawa kazi yake inatuhusu kuliko ya wengi wanaotajwa.

Abbot alizaliwa London mwaka 1751. Baba yake, James Abbot, alikuwa mwanasheria na alitaka mtoto afuate nyayo zake. Mwaka 1769 kijana aliwekwa katika ofisi ya baba kujifunza kazi ya ukarani wa sheria kwa muda wa miaka mitano. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Tangu utotoni alipenda kukamata wadudu na kuwachora, na wazazi hawakumkataza; walimpatia hata mwalimu wa kuchora, Jacob Bonneau. Siku alipopelekwa kuona hazina ya wadudu ya Dru Drury, mfua fedha tajiri wa London aliyenunua wadudu kutoka pande zote za dunia, hata Sierra Leone, kijana alirudi nyumbani amebadilika. Akatengenezewa kabati la mbao nzuri za kuhifadhia wadudu wake mwenyewe. Karatasi za mahakama zikaanza kumchosha.

Mwezi Julai 1773, akiwa na umri wa miaka 22, alipanda meli kwenda Virginia, ambayo wakati huo ilikuwa bado koloni la Uingereza. Wateja wake walikuwa wamebaki London, Drury akiwa mmojawapo. Kazi yake ilikuwa kukusanya wadudu, kuwakausha, kuwapanga katika masanduku na kuwasafirisha. Wafanyabiashara wa mpakani wataielewa hali yake bila kuelezwa sana: mali inavuka maji, malipo yako upande wa pili, na wewe unangoja. Bahari ilimtendea vibaya. Baadhi ya shehena zake za awali zilizama pamoja na jasho la miezi mingi.

Kisha siasa ikachafuka. Makoloni yalikuwa yanajitenga na Uingereza, na Virginia ikawa imegawanyika. Mwishoni mwa mwaka 1775 Abbot aliondoka pamoja na familia ya marafiki zake akina Goodall, wakaelekea kusini hadi Georgia, wakakaa katika eneo ambalo leo ni Burke County. Wasomaji wanaojua safari ya kuikimbia vita hawahitaji maelezo marefu hapa. Hata huko kusini vita viliwafuata, na havikuisha hadi mwaka 1783. Abbot alioa, akapata mtoto wa kiume, akafundisha shule ili apate riziki. Na usiku aliendelea kufuata wadudu.

Hapa inafaa kueleza ni wadudu gani hao. Nondo ni kipepeo wa usiku, yule anayegonga kioo cha taa jioni. Kati ya nondo kuna jamii moja kubwa mno, yenye spishi kama 12,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Wengi wao ni wa rangi ya kijivu au kahawia, wanene wa mwili, wasiovutia macho. Mswidi Carl Linnaeus, alipopanga viumbe mwaka 1758, aliwaweka nondo wa namna hii chini ya jina Noctua, ambalo kwa Kilatini ni bundi, na hadi leo jamii hiyo huitwa Noctuidae. Katika mwanga wa taa macho yao hung'aa kama ya ndege huyo. Sisi tunaweza kuwaita nondo-bundi.

Tatizo la nondo-bundi ni kwamba wanafanana. Ukiwaweka kumi mezani, hata mtu aliyesoma atahitaji kioo cha kukuzia kuwatofautisha. Wataalamu wa London na Paris waliwapanga kwa kutazama mabawa ya wadudu waliokauka, waliochomwa pini na kutumwa kwa meli. Lakini mkulima hakutani na mabawa. Mkulima anakutana na kiwavi. Nondo hanyonyi ila majimaji ya maua. Anayemaliza shamba ni mtoto wake, na mtoto huyo hafanani na mama hata kidogo. Kwa hiyo kabati la London lilijaa majina, na bado mwenye shamba asingeweza kulitumia.

Abbot alitoka upande wa kiwavi. Alimtafuta juu ya mmea anaoula, akamfuga nyumbani akimlisha mmea huo huo, akaandika tarehe aliyoingia ardhini au kujifungia, na tarehe aliyotoka akiwa na mabawa. Halafu alivichora vyote katika karatasi moja: mmea, kiwavi, hatua ile ya kulala ndani ya ganda, na nondo mwenyewe, dume na jike ikiwezekana. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi kwa kila spishi, na kiwavi aliyekufa njiani alimaanisha kuanza upya. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 40. Mimi huona kwamba shule ya mkulima ingeanzia hapo, kwenye karatasi moja yenye mama na mtoto.

Michoro ilipelekwa London, ambako John Francillon, sonara na mfanyabiashara wa wadudu, aliiuza kwa matajiri. Baadhi ilifika mikononi mwa James Edward Smith. Huyu Smith alikuwa mtoto wa miaka 13 Abbot alipoondoka Uingereza. Mwaka 1784 alinunua mali yote ya kisayansi ya Linnaeus kutoka kwa familia ya marehemu: mimea 14,000, wadudu zaidi ya 3,000, barua na vitabu, kwa fedha alizopewa na baba yake. Mwaka 1788 akaanzisha Chama cha Linnaeus cha London ambacho kipo hadi leo. Smith alikuwa bingwa wa mimea zaidi kuliko wadudu, lakini alikuwa na vitu ambavyo Abbot hakuwa navyo: maktaba, hadhi na mchapishaji.

Mwaka 1797 kitabu kikatoka, juzuu mbili kubwa zenye mabamba 104 ya rangi, maandishi yakiwa kwa Kiingereza na Kifaransa, juu ya vipepeo na nondo wa Georgia. Katika mojawapo ya mabamba ya mwisho yumo nondo mmoja mdogo wa kahawia na kiwavi wake. Abbot alikuwa amemkuta akila moyo wa mhindi, na pia mtama, nafaka ambayo Waingereza wa huko waliipa jina la Guinea, kwa kuwa asili yake ni Afrika. Kwa hiyo mdudu huyo alikuwa amekwisha kuonja chakula cha Afrika zaidi ya karne mbili kabla hajafika Afrika. Smith akampa jina la spishi frugiperda, yaani mpoteza mazao. Baadaye wataalamu walimhamishia katika kundi la Spodoptera, na ndivyo anavyoitwa leo: Spodoptera frugiperda.

Kwa desturi ya sayansi, baada ya jina la spishi huandikwa jina la aliyeitangaza kwa maandishi. Hivyo kila ripoti ya kilimo inayomtaja mdudu huyo kwa ukamilifu huandika Smith, 1797. Abbot alitajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kuwa ndiye mwenye uchunguzi, na Smith hakumficha. Lakini kanuni ni kanuni, na kanuni haikuwa na nafasi ya mtu aliyefuga kiwavi.

Abbot hakuonekana kugombana kwa ajili hiyo. Aliendelea kuchora nondo, vipepeo, buibui na ndege, akaishi kwa muda katika mji wa Savannah, kisha uzeeni akahamia mashambani Bulloch County, akikaa kwenye ardhi ya rafiki. Aliandika kumbukumbu fupi za maisha yake akiwa ameshapita miaka 80. Alifariki karibu na mwaka 1840, akazikwa katika makaburi ya familia ya rafiki huyo. London, ambako michoro yake imehifadhiwa kwa maelfu, hakuikanyaga tena.

Mdudu wake ndiye aliyesafiri. Huyu nondo hastahimili baridi inayogandisha ardhi. Huko Amerika ya Kaskazini hupitisha majira ya baridi Florida na kusini mwa Texas, na kila mwaka huruka upya kuelekea kaskazini, kizazi baada ya kizazi. Wale waliowafikia wakulima wa Georgia ya Abbot, basi, walikuwa wageni wa kila mwaka. Nondo mmoja anaweza kuruka kiasi cha kilomita 100 kwa usiku mmoja upepo ukimsaidia, na jike hutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani.

Mapema mwaka 2016 alithibitishwa Afrika kwa mara ya kwanza, upande wa magharibi: Nigeria, Benin, Togo, São Tomé na Príncipe. Wataalamu wa vinasaba walipolinganisha, walimkuta anafanana zaidi na wale wa Florida na visiwa vya Karibi, jirani kabisa na mashamba ya Abbot. Mwaka uliofuata alikuwa Rwanda, na wanajeshi walipelekwa mashambani kusaidia wakulima kuokota viwavi kwa mikono. Mwaka 2018 akafika India, 2019 China, 2020 Australia. Tofauti na Georgia, Rusizi haina baridi ya kumfukuza. Mahindi yakiwapo, naye yupo, mwaka mzima.

Na ule ugomvi wa majina tulioanza nao? Nkongwa wa zamani, viwavijeshi wa zamani na huyu mvamizi wote ni nondo-bundi, ndugu wa jamii moja. Ila tabia zao haziko sawa. Nkongwa wa zamani, mwenyeji wa Afrika, huingia ndani ya bua, na akishaingia dawa ya kunyunyizia haimfikii. Viwavijeshi wa zamani hutembea kwa makundi juu ya nyasi na nafaka, huja na mvua kisha hutoweka. Mvamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa humpata akiwa bado mdogo tu. Anayewachanganya hupoteza fedha za dawa na mahindi pia. Alama ya kumtambua ni nyepesi: usoni ana mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba.

Hata hivyo uainishaji haujaisha. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kuwa mdudu huyu ana koo mbili zisizotofautishwa kwa macho, moja ikipendelea mahindi na nyingine mpunga na nyasi. Jicho la Abbot, pamoja na ukali wake wote, lisingeweza kuziona. Zinaonekana kwa vinasaba tu. Hapa Afrika hasara kubwa imekuwa kwenye mahindi, ingawa wenye mpunga wa Bugarama wana sababu ya kuendelea kuuchunguza.

Kwa wanaovusha mizigo Rusizi ya Kwanza, Rusizi ya Pili, Bugarama na Ruhwa, jambo moja lieleweke. Mahindi makavu na unga havimbebi kiwavi huyu. Anayepatikana kwenye magunia ni dumuzi, mbawakawa mdogo ambaye naye alitoka Amerika. Mahindi mabichi ya kuchoma ndiyo yanayoweza kumbeba, kwa kuwa huingia kwenye gunzi na kulala chini ya maganda. Kabla ya kufunga mzigo wa mahindi mabichi, fungua maganda ya machache kwenye ncha na utazame kama kuna tundu na uchafu mbichi.