Ernest Hemingway: Mwandishi aliyenusurika ajali mbili za ndege ndogo Uganda ndani ya siku mbili

Mwishoni mwa Januari 1954, magazeti ya nchi nyingi yalichapisha taazia za mtu ambaye bado alikuwa hai. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa watu maarufu zaidi duniani wakati huo, alidhaniwa kuwa amefariki katika mabaki ya ndege karibu na maporomoko ya Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameokoka. Lakini saa chache baada ya kuokolewa alipanda ndege nyingine, nayo ikaanguka na kuungua. Ajali ya kwanza ilimwachia maumivu. Ya pili ilimwachia majeraha ambayo hayakumtoka hadi kifo chake.

Kijana wa Illinois na ndoto ya Afrika

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa daktari na mpenda uwindaji, na ndiye aliyemfundisha kushika bunduki na ndoana tangu utotoni. Wavulana wa kizazi chake walikua wakisikia habari za Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1910 alipiga kambi ya uwindaji Rhino Camp, kandokando ya Nile, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya West Nile.

Alipomaliza shule aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star. Mwaka 1918 alikwenda Italia kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa vibaya kabla hata hajatimiza miaka 19. Baadaye aliishi Paris, na riwaya zake za mwaka 1926 na 1929 zikamfanya ajulikane kwa uandishi wa sentensi fupi zisizo na mapambo.

Alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1933, akiongozwa na mwindaji Philip Percival. Huko Tanganyika aliugua ugonjwa wa kuhara damu, hali yake ikawa mbaya, na ndege ndogo ikatumwa kumchukua porini. Ilipita karibu na Mlima Kilimanjaro, na safari hiyo ikazaa hadithi yake maarufu kuhusu theluji ya mlima huo, iliyochapishwa mwaka 1936.

Kwa hiyo ndege ndogo ilikuwa imemsaidia wakati wa shida miaka 20 kabla ya nyingine kukaribia kumuua.

Zawadi ya Krismasi

Hemingway alirejea Kenya mwaka 1953 pamoja na mke wake wa nne, Mary Welsh. Mwaka huo huo alikuwa ametunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa kisa cha mvuvi mzee na samaki mkubwa. Baada ya miezi kadhaa ya kambi na uwindaji, alimpa mkewe zawadi ya Krismasi: safari ya kuitazama Kongo kutoka angani.

Walikodi ndege aina ya Cessna 180, yenye injini moja, ikiendeshwa na rubani Roy Marsh. Waliondoka Nairobi tarehe 21 Januari 1954, wakavuka nyanda za Tanganyika, wakafika Bukavu kwenye Ziwa Kivu, kisha wakageuka kuelekea Entebbe. Tarehe 23 Januari walielekea Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, mahali ambapo maji ya Nile hubanwa katika upenyo wa mwamba wenye upana wa takriban mita 7 kabla ya kutumbukia bondeni.

Marsh aliyazunguka maporomoko hayo ili Mary apate kupiga picha. Kwa maelezo aliyoyatoa Hemingway baadaye, kundi la kwarara lilikatiza mbele yao. Rubani akaishusha ndege ghafla kuwakwepa, na ndege ikagonga waya wa simu wa zamani uliokuwa umeachwa juu ya bonde. Mkia uliharibika na mawasiliano ya redio yakakatika. Marsh akalazimika kuitua ndege kwenye vichaka, kilomita chache kutoka kwenye maporomoko.

Mary alivunjika mbavu, na Hemingway akaumia bega. Watatu hao walilala kilimani, tembo wakizunguka karibu, huku wakiwasha moto wa kujikinga na baridi.

Wakati huo huo ndege ya abiria iliyokuwa ikipita eneo hilo iliyaona mabaki bila dalili yoyote ya manusura. Taarifa ikaenea duniani kwamba mwandishi huyo amekufa.

Butiaba, jioni ya tarehe 24

Kesho yake mashua ya watalii ilipita mtoni, na watatu hao wakachukuliwa hadi bandari ya Butiaba, ukingo wa mashariki wa Ziwa Albert.

Kwa wakazi wa Arua na Koboko wa enzi hizo, Butiaba halikuwa jina geni. Kabla reli haijafika Pakwach mwaka 1964, meli za ziwani na mtoni ndizo zilizounganisha West Nile na sehemu nyingine za Uganda. Abiria na mizigo walipitia Butiaba, kisha barabara ya kwenda Masindi. Barabara hiyo ilikuwepo pia jioni ile.

Lakini hapo Butiaba alikuwepo rubani Reginald Cartwright, aliyekuwa akiwatafuta kwa ndege aina ya de Havilland Rapide, yenye injini mbili na mwili wa mbao uliofunikwa kwa kitambaa. Alijitolea kuwapeleka Entebbe mara moja. Giza lilikuwa linakaribia na uwanja ulikuwa wa mabonde na vichuguu. Hata hivyo walikubali.

Ndege ilikimbia ikirukaruka, ikainuka kidogo, ikaanguka, na moto ukalipuka. Marsh alivunja dirisha na kumtoa Mary. Cartwright naye akaokoka. Hemingway, ambaye mwili wake ulikuwa mkubwa mno kupita dirishani, aliubamiza mlango uliokwama kwa kichwa na bega mpaka ukafunguka.

Pigo hilo lilimwokoa na moto, lakini lilimgharimu. Fuvu lilipasuka na ubongo ukatikisika. Uti wa mgongo, ini, wengu na figo viliumia, bega likateguka, na kwa muda uwezo wake wa kuona na kusikia ulipungua. Mbali na hayo alikuwa na majeraha ya moto.

Baada ya hapo walisafiri kwa gari hadi Masindi, kwa barabara ile ile ambayo wangeweza kuifuata tangu mwanzo.

Kwa nini ndege ndogo huanguka

Ajali hizo mbili zinakusanya karibu orodha nzima ya hatari ambazo wataalamu wa usalama wa anga huzitaja hadi leo kuhusu ndege ndogo za binafsi.

Hatari ya kwanza ni kuruka chini mno. Rubani anayeshuka ili abiria waone wanyama au maporomoko hupoteza akiba ya urefu, yaani nafasi ya kurekebisha kosa. Nyaya ni adui mkubwa zaidi huko chini, kwa sababu hazionekani mpaka ndege iwe imezifikia.

Ya pili ni ndege wa porini. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, mtafiti kijana kutoka Ujerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Grzimek hakupata nafasi aliyoipata Marsh ya kuchagua mahali pa kuangukia.

Ya tatu ni dakika za kuruka na kutua. Katika dakika hizo ndege huwa na mwendo mdogo na ardhi iko karibu, hivyo injini ikipungua nguvu au pua ikiinuliwa kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba. Mwindaji Denys Finch Hatton alikufa hivyo tarehe 14 Mei 1931 huko Voi, muda mfupi baada ya ndege yake aina ya Gipsy Moth kupaa. Ilianguka na kuwaka moto, na msaidizi wake aliyekuwa naye alifariki pia.

Ya nne ni uwanja wenyewe. Ardhi laini au yenye mashimo huchelewesha mwendo, na hewa ya joto, ambayo ni nyepesi, huidai ndege ikimbie umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka.

Ya tano haimo katika mtambo wowote: ni haraka. Watu waliochoka, walioumia na wenye hamu ya kufika nyumbani huona kusubiri mpaka asubuhi kuwa ni kupoteza muda. Marubani wengi wazoefu wameangamia wakiwa na ndege isiyo na kasoro, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema safari iahirishwe.

Miaka ya mwisho

Siku chache baada ya ajali, Hemingway alipanda tena ndege ndogo kurudi Nairobi. Alisoma taazia zake mwenyewe, na inaelezwa kuwa zilimfurahisha. Lakini mwili haukuwa tena ule wa zamani. Mwezi uliofuata, akiwa Shimoni katika pwani ya Kenya, aliungana na watu waliokuwa wakizima moto wa vichakani, akaanguka ndani ya moto huo na kuungua tena.

Oktoba 1954 alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakuweza kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya afya yake, na hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani.

Miaka iliyofuata ilitawaliwa na maumivu ya mgongo, shinikizo la damu, pombe na huzuni nzito. Muswada mrefu alioandika kuhusu safari yake ya Kenya hakuumaliza. Sehemu yake ilichapishwa mwaka 1999, miaka mingi baada ya kifo chake. Alilazwa hospitalini kwa matibabu ya akili, na tarehe 2 Julai 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho. Baba yake pia alikuwa amejiua, mwaka 1928. Baadhi ya waandishi wa maisha yake na madaktari wameyahusisha mateso yake ya mwisho na vipigo vingi vya kichwa alivyopata maishani, kile cha Butiaba kikiwa miongoni mwa vizito zaidi.

Leo msafiri anayetoka Oli, mtaa wa Arua ambako Kiswahili na Kinubi husikika sokoni kila siku, anaweza kufika Entebbe kwa ndege ndogo au kuvuka daraja la Pakwach kwa basi, akipita jirani na hifadhi ambamo Cessna ile ilianguka. Viwanja vimeboreshwa. Lakini uamuzi wa kuruka au kusubiri bado uko mikononi mwa binadamu, kama ulivyokuwa jioni ile kando ya Ziwa Albert, wakati watu watatu waliokwisha kuokoka walipokubali kuingia katika ndege ya pili.