Annalena Tonelli, mwanasheria aliyegeuka tabibu wa wafugaji wa Wajir

Vita vya shifta vilikuwa vimemalizika miaka miwili tu, na mkoa wa Kaskazini Mashariki ungali chini ya sheria za hali ya hatari, alipowasili nchini Kenya mwaka 1969 msichana wa Kitaliano aliyeitwa Annalena Tonelli. Alizaliwa mjini Forlì mwaka 1943, akasomea sheria. Shahada ya udaktari hakuwa nayo. Wajir, mji ulioko mbali kaskazini mwa Garissa, ulimpokea kama mwalimu.

Kilichombadilisha ni kifua kikuu. Miongoni mwa Wasomali wa eneo hilo ugonjwa huo ulikuwa aibu kubwa, na mgonjwa aliuficha hadi alipotema damu. Hata aliyejitokeza hakupona kwa urahisi. Matibabu ya wakati huo yalichukua mwaka mmoja au zaidi, ilhali mfugaji hufuata mvua na malisho. Akishapata nafuu baada ya wiki chache, huhama na ngamia wake. Ugonjwa humrudia, na safari hii vijidudu vimezoea dawa.

Isitoshe, kifua kikuu hakiishii kifuani. Huweza kushambulia uti wa mgongo, tezi, hata utando wa tumbo, na tumbo likajaa maji mithili ya mtu mwenye ugonjwa wa ini. Mgonjwa wa namna hiyo huenda asikohoe kamwe, na kipimo cha makohozi kisionyeshe lolote. Daktari hulazimika kuchota maji ya tumbo kwa sindano na kuyapima, kwani mwenye ini bovu naye huweza kupata maambukizi ndani ya maji hayo na kufa upesi yasipogunduliwa. Katika jamii inayokunywa maziwa mabichi, tahadhari hiyo si ya kupuuzwa, maana kifua kikuu cha mifugo hupitia humo.

Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wafugaji wa kuhamahama. Suluhisho lake lilikuwa jepesi kulieleza, gumu kulitenda. Badala ya kuwalaza wagonjwa wodini, aliwaruhusu wajenge vibanda vyao wenyewe vya miti na mikeka, wakaishi hapo kama walivyoishi nyikani. Huo ndio uliokuja kuitwa manyata ya kifua kikuu. Kila mgonjwa alimeza dawa mbele ya msimamizi kwa miezi 6, kisha akaruhusiwa kuondoka. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 nchi jirani ya Tanzania nayo ilikuwa ikijenga mpango wake wa tiba ya muda mfupi, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni utaratibu wa kumeza dawa chini ya uangalizi.

Februari 1984 ulimkuta bado Wajir. Wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako wengi waliuawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilitaja idadi inayokaribia 1,000. Tonelli aliwaokota majeruhi na maiti, akasaidia habari hizo kuvuka mipaka. Hilo halikusamehewa: mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya.

Alihamia Somalia, akaendelea na kazi ile ile katikati ya vita, na hatimaye akatua Borama, Somaliland, alikojenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya viziwi. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Miezi minne baadaye, usiku wa Oktoba 5, alipigwa risasi ndani ya ua wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60.