Wakili Morris na karata zisizoonekana

Wazee wetu wa pwani waliocheza karata barazani, bila ya kuwekeana fedha, walijua kwamba mchezaji hodari hatazami mkono wake tu. Katika briji, mchezo uliopendwa sana na Waingereza, kila mmoja wa watu wanne hupewa karata 13. Mpinzani akijulikana kuwa na shupaza nyingi, basi yamkini kopa zake ni chache. Marehemu Harry Morris, wakili wa Johannesburg, alipiga hesabu ya namna hiyo mahakamani Nairobi, na dau lilikuwa roho ya mtu.

Sifa zake zilikuwa zimekwisha enea. Mwaka 1932 alimtetea Daisy de Melker, muuguzi aliyeshtakiwa kuwapa sumu waume wawili na mwanawe. Safari hiyo alishindwa, na mwanamke yule akanyongwa.

Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, huko Karen, upande wa magharibi ya Nairobi, Lord Erroll alikutwa amekufa ndani ya gari lake, risasi kichwani. Aliyeshukiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mtu wa miaka 57, ambaye mkewe kijana, Diana, alikuwa akipendana na Erroll waziwazi. Siku chache kabla, Broughton aliwaarifu polisi kwamba bastola zake mbili zimeibwa.

Kesi ilianza 26 Mei katika mahakama ya katikati ya mji, mbele ya wazee wa baraza 12, wote Wazungu. Serikali ilileta risasi zilizookotwa katika shamba moja la Nanyuki, ambako Broughton alijifunza shabaha, ikasema zimetoka katika bastola ile ile iliyomwua Erroll. Wengi waliona kitanzi kimekwisha fungwa.

Hapa ndipo ulipo ujuzi wa Morris. Mchezaji mbichi angeshika kubisha tu. Yeye aliiacha karata ile mezani, akatazama nini kimebaki mikononi mwa wenziwe. Cheti kilisema bastola zilizoibwa ni Colt. Mtutu wa Colt una mifuo sita inayopinda kushoto. Risasi zilizoletwa zilikuwa na alama za mifuo mitano inayopinda kulia. Shahidi wa serikali alipoulizwa, hakuwa na njia ila kukiri kwamba silaha ile haikuwa Colt. Kwa hiyo kadiri serikali ilivyoshikilia kwamba bastola ni moja, ndivyo ilivyozidi kuwa mbali na bastola za Broughton.

Je, hii ina maana kwamba Broughton hakuua? La. Huenda alikuwa na bastola ya tatu. Lakini hata fikihi yetu inafundisha kwamba shaka huzuia hadi.

Tarehe 1 Julai Broughton aliachiliwa. Desemba 1942 alijiua mjini Liverpool. Hapana mwingine aliyepatikana na hatia ya kumwua Erroll.