Bibi Titi Mohamed Kifungoni

Huku Chemba, nchi ya mtama na uwele, mama akisimama mkutanoni kusema neno lake hakuna amshangaaye. Zamani haikuwa hivyo. Na mmoja wa waliowafungulia akina mama mlango huo alikuja kufungwa na serikali aliyoihangaikia kabla haijazaliwa.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, mtoto wa nyumba ya Kiislamu, akasifika kwa sauti yake katika ngoma. TANU ilipomkabidhi akina mama mwaka 1955, aliwaendea kwanza wenziwe wa ngoma na wauza pombe, watu ambao wakubwa hawakuwahesabu. Kwa miezi michache wanawake wapata 5,000 walikuwa na kadi. Mwaka 1962 aliongoza UWT, akawa pia waziri mdogo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo, akaona heri ajiuzulu. Kwa hilo mtu aweza kumlaumu. Walakini lawama si jela.

Oktoba 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha, naye akishikilia kwamba hana hatia. Mumewe alimwacha, na rafiki wengi wakaogopa kuonekana karibu naye. Mwaka 1972 Rais alimtoa.

Rais huyo ni Mwalimu Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005 Kanisa lamwita Mtumishi wa Mungu. Sisi tunaomwombea, neno hili latulemea, na wengi wetu hupenda kulipita upesi. Yafaa tusilipite. Kanisa lenyewe, lichunguzapo maisha ya mtu wa namna hiyo, huuliza na yaliyo mazito. Bibi Titi walau alisimama mbele ya jaji. Sheria ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumweka mtu kizuizini pasipo kesi yoyote, na wako waliokaa humo hivyo, ambao majina yao hatuyasikii kamwe.

Yeye alinyamaziwa karibu miaka ishirini, mpaka sherehe za miaka 30 ya Uhuru, mwaka 1991, alipotajwa tena kwa heshima. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Mjini Dar es Salaam, barabara iliyoitwa zamani UWT sasa yaitwa kwa jina lake.