Dkt Trowell: Tabibu aliyekiri kosa na kufumbua fumbo la unyafuzi

JUA linapotua katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Kaunti ya Mombasa, wachuuzi wa njugu karanga, korosho na kashata hujipanga kando ya njia, huku mafuta ya bajia na viazi yakichemka makaraini. Ni mtaa uliosongamana watu, jirani na Bombolulu na soko la Kongowea, na chakula chenye mafuta hakikosekani hapo hata kwa mwenye shilingi chache mfukoni.

Ndiyo sababu mtoto akidhoofika, ushauri wa kwanza ambao mama hupewa na majirani ni kumtilia kijiko cha mafuta katika uji, au kumsagia njugu. Kwa mtoto aliyekonda kidogo lakini angali anacheza, ushauri huo hauna ubaya. Kwa mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi na ngozi ikaanza kubambuka, mafuta hayo yanaweza kupita tumboni bila kumfaa na kumzidishia kuhara.

Tofauti baina ya watoto hao wawili imo ndani ya kiungo ambacho wengi hawakifahamu, yaani kongosho. Jambo hilo lilifumbuliwa Afrika Mashariki, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, na miongoni mwa waliolifumbua alikuwa Hubert Carey Trowell, aliyejulikana zaidi kwa jina la Hugh. Kabla ya kufika hapo, alikuwa ameshikilia dhana isiyo sahihi kwa miaka mingi.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904 na kusomea udaktari katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Mwaka 1929 aliajiriwa na idara ya matibabu ya serikali ya kikoloni na kuletwa Kenya pamoja na mkewe Margaret, aliyekuwa msanii. Waliishi Machakos, ambako Margaret alivutiwa na uchongaji wa Wakamba, kisha wakahamia Nairobi. Mwaka 1935 walielekea Uganda, Hugh akafundishe udaktari Mulago. Margaret ndiye aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere, na hadi leo chuo cha sanaa cha huko kina jina lake. Kwa watu wengi wa Uganda, mke ndiye maarufu kuliko mume.

Akiwa angali Kenya, Trowell alianza kukutana na watoto wa ajabu. Walikuwa wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, wamevimba, wamenuna, hawataki kula wala kuchezewa. Madaktari wenzake hawakuafikiana. Kuna waliosema ni minyoo ya safura, na waliosema ni kaswende ya kurithi. Wazazi wa watoto hao walikuwa na maelezo yao. Waganda waliuita ugonjwa huo obwosi na kuuhusisha na mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mama amepata mimba nyingine.

Afrika Magharibi, daktari Cicely Williams alikuwa amesikia maelezo yanayofanana na hayo kutoka kwa akina mama wa Ghana ya leo. Aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautambulisha kwa ulimwengu kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Kwa Kiswahili ndio unyafuzi. Williams alishuku kwamba chakula cha watoto hao kilikosa protini.

Trowell hakukubali. Aliamini kuwa huo ulikuwa pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini unaowapata walaji wa mahindi, na mwaka 1937 alichapisha makala ya kitabibu yenye msimamo huo. Hakuwa peke yake, kwani wataalamu wakubwa wa London walikuwa na rai hiyohiyo. Lakini aliyekuwa zamu wodini ni yeye. Aliwapa watoto vitamini za kila aina, na wengi waliendelea kufa mbele yake.

Ni rahisi leo kumlaumu. Hata hivyo, katika enzi ambapo daktari wa serikali ya kikoloni hakuulizwa na mgonjwa kwa nini dawa haikufanya kazi, Trowell alijiuliza mwenyewe, akahesabu vifo, na hatimaye akaitupa nadharia yake hadharani. Wasomi wengi hufa na zao.

Mwanga ulianza kuingia kutoka chumba cha maiti. J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefika Mulago katika miaka ya 1940, alichunguza miili ya watoto waliokufa kwa unyafuzi na kukuta jambo moja likijirudia. Kongosho zao zilikuwa zimesinyaa. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1948. Maini, kwa upande mwingine, yalikuwa yamejaa mafuta, jambo ambalo Williams naye alikuwa ameliona. Huu ulikuwa utata mkubwa. Mtoto anayekufa kwa njaa amewezaje kuwa na ini lililonona?

Ili kuufahamu uzito wa ugunduzi huo, inafaa kufuata safari ya punje ya njugu ndani ya mwili. Meno huivunja, na kazi hiyo si ndogo, maana mafuta ya njugu yamefungwa ndani ya seli zenye kuta ngumu. Yakitoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, mafuta huwa kama matone yanayoelea juu ya mchuzi, hayachanganyiki na maji. Hapo utumbo hutoa homoni ambayo watafiti waliitambua mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya Trowell kutia mguu Kenya. Homoni hiyo huubana mfuko wa nyongo na kuiamsha kongosho.

Nyongo, ambayo hutengenezwa na ini, huyavunja matone makubwa yakawa madogo mno, mithili ya sabuni inavyofanya katika sufuria yenye masizi ya mafuta. Kisha kongosho huleta kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho hukata mafuta vipande vinavyoweza kupenya ukuta wa utumbo. Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1840 kuwa maji ya kongosho ndiyo yanayosaga mafuta. Pasipo kazi hiyo, mafuta hutoka na choo, na vitamini za A, D, E na K zinazosafiri ndani ya mafuta hupotea pamoja nayo.

Basi, ikiwa kongosho za watoto waliokufa zilikuwa zimesinyaa, za walio hai zilikuwa zikifanya nini? Trowell na mwenzake M.D. Thompson waliamua kupima. Walipitisha mrija mwembamba hadi mwanzo wa utumbo mdogo wa watoto waliolazwa Mulago, wakachota majimaji na kupima vimeng'enya vilivyomo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1952. Vimeng'enya vya kusaga mafuta, wanga na protini vilikuwa vimepungua vibaya. Watoto walipolishwa maziwa, vilirejea kwa haraka.

Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Vimeng'enya vyenyewe ni protini. Mwili uliokosa malighafi hauwezi kuvitengeneza, na bila vimeng'enya hauwezi kusaga hata chakula kizuri unachopewa. Mtoto huingia katika mzunguko ambao kila mlo humwacha dhaifu zaidi. Ini nalo lilinona kwa kuwa lilishindwa kuyasafirisha mafuta kwenda sehemu nyingine za mwili. Wachunguzi wa baadaye walionyesha kuwa hata chumvi za nyongo hupungua katika hali hiyo.

Ugunduzi huo ulibadilisha kilichotiwa katika kikombe cha mgonjwa. Maziwa yaliyoondolewa mafuta, ambayo kwa macho ya mzazi yalionekana duni, ndiyo yaliyovumilika tumboni mwa mtoto katika siku za mwanzo. Rex Dean, mtafiti aliyejiunga na kundi la Mulago, alijaribu pia vyakula vya mimea, zikiwemo njugu na soya, na baadaye akatengeneza mchanganyiko wa maziwa, sukari na mafuta ya pamba kwa mtoto aliyekwisha kuanza kupata nafuu. Mafuta hayakuwa adui. Kilichohitajika ni kuyaleta kwa wakati wake.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu walichokiita Kwashiorkor. Kwa kulikubali jina alilolitangaza Cicely Williams karibu miaka 20 nyuma, Trowell alikuwa amekiri ni nani aliyekuwa karibu na ukweli tangu mwanzo. Lakini haki inataka isemwe kwamba hata nadharia ya protini haikuwa neno la mwisho. Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu waliipinga kuwa inarahisisha mambo kupita kiasi, na utafiti uliofanywa kwa mapacha nchini Malawi na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vijidudu vinavyoishi utumboni navyo vina mkono katika unyafuzi.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akatawazwa kasisi wa Kanisa la Anglikana na kuhudumu karibu na mji wa Salisbury, Uingereza. Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika, akieleza jinsi ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyokuwa adimu miongoni mwa Waafrika aliowatibu kwa miongo mitatu.

Wengi wangetosheka na uzee wa parokiani. Yeye, akiwa amepita umri wa miaka 65, aliungana na rafiki yake wa Mulago, mpasuaji Denis Burkitt, katika uchunguzi wa makapi ya nafaka, matunda na mboga. Mwaka 1972 alitoa maelezo ya kitaalamu ya nyuzinyuzi za chakula, kwamba ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyasaga. Aliyeanza na vimeng'enya vilivyokosekana alimalizia na kile ambacho vimeng'enya havikiwezi. Kitabu chake na Burkitt kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi kilitoka mwaka 1975.

Kuta hizo za seli ndizo zinazofunga mafuta ya njugu, lozi na ufuta. Mtu anayezimeza njugu bila kuzitafuna vyema hupoteza sehemu ya mafuta yake chooni. Zikisagwa zikawa laini, kuta hupasuka na mafuta kupatikana. Nazi ina upekee wake, kwa kuwa sehemu ndogo ya mafuta yake ni ya mnyororo mfupi zaidi na huingia mwilini bila kuhitaji nyongo nyingi. Sehemu kubwa iliyobaki huhitaji msaada uleule.

Kampala haikumsahau. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa Mulago mwaka 1965, kiliwafunza akina mama kupika kitobero, mchanganyiko wa ndizi na njugu zilizotwangwa au maharage, kwa vyakula walivyokuwa navyo shambani. Miaka 31 baadaye, mwaka 1996, Mfaransa André Briend alibuni lahamu ya njugu iliyochanganywa na unga wa maziwa, sukari, mafuta na vitamini, ambayo mtoto huifyonza kutoka pakitini bila kupikiwa. Trowell hakuishi kuiona, maana alifariki mwaka 1989.

Lahamu hiyo hutumika hadi leo katika vituo vya afya nchini Kenya, na utaratibu wa kuitoa unafuata yale yaliyoonekana katika mrija wa mwaka 1952. Mtoto aliyedhoofika sana hupimwa kwanza hamu ya kula mbele ya mhudumu. Akiila na hana maradhi mengine, huenda nayo nyumbani. Akiikataa, au akiwa amevimba sana, hulazwa na kuanzishiwa maziwa ya hatua ya kwanza, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, mafuta kidogo na protini kidogo, akinyweshwa polepole usiku na mchana. Uvimbe ukianza kushuka na hamu ikirudi, hupandishwa hadi maziwa ya kilokalori 100 ambayo mafuta yake ni mengi zaidi, kisha lahamu. Njugu nzima, zile zinazouzwa kwa vikaratasi jioni, haziruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa kuwa humkaba koo.