GILBERT WHITE, MCHUNGAJI ALIYENGOJEA MBAYUWAYU



Tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa waliovuka bahari: wagunduzi wa nchi, wamisionere, majemadari. Leo tusome maisha ya mtu ambaye hakwenda mbali. Alizaliwa katika kijiji kimoja, akafia katika kijiji kile kile, na kazi iliyomletea jina ni kutazama ndege na maua ya kwao. Jina lake ni Gilbert White. Na mbele kidogo tutaona kwamba habari yake inatugusa sisi watu wa Kongo kuliko tunavyofikiri.

Kuzaliwa na masomo

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 mwezi wa saba mwaka wa 1720 huko Selborne, katika jimbo la Hampshire, kusini ya Uingereza. Babu yake, ambaye naye aliitwa Gilbert White, alikuwa mchungaji wa kanisa la Anglikana pale. Kijana alisoma Oxford katika chuo cha Oriel, akamaliza mwaka wa 1743. Mwaka wa 1749 aliwekewa mikono kuwa mchungaji.

Mtu angefikiri kwamba msomi kama huyu atapanda cheo upesi. Sivyo. Parokia ya Selborne ilikuwa chini ya chuo kingine cha Oxford, chuo cha Magdalen, nacho kilichagua watu wake wenyewe. Kwa hiyo White hakupata kuwa mchungaji mwenye parokia ile hata siku moja. Alikuwa msaidizi tu. Alipata nafasi za kwenda kuongoza makanisa mengine, lakini alizikataa, sababu hakutaka kuachana na kwao. Hakuoa. Alikaa katika nyumba ya jamaa yake iitwayo The Wakes, chini ya kilima chenye mwinuko mkali na miti mikubwa. Mwaka wa 1753 yeye na ndugu yake John walichimba njia ya kupindapinda ya kupandia kilima kile. Njia hiyo iko mpaka leo.

Makaye yake

Mwaka wa 1751 White alianza kuandika mambo ya shamba lake: siku gani amepanda nini, na mvua imenyesha namna gani. Mwaka wa 1766 aliandika habari za mimea ya Selborne, ikichanua moja baada ya nyingine, mwaka mzima. Tangu mwaka wa 1768 alitumia kaye la kila siku lenye mistari ya upepo, ya joto na baridi, ya mvua, ya maua na ya ndege. Hakuliacha mpaka siku chache mbele ya kufa kwake. Hesabuni ninyi wenyewe: ni miaka 25 ya kuandika.

Sisi tuna masika na kiangazi. Kule Uingereza kuna majira manne. Wakati wa baridi miti mingi haina majani, wadudu hawaonekani, na ndege wengi wanaokula wadudu wametoweka. Kisha, kuanzia mwezi wa pili, dunia inaamka polepole. Wakati huo White alikuwa akipita kando ya njia na chini ya miti, akitafuta ua la kwanza na kusikiliza ndege wa kwanza.

Aliandika juu ya mmea mmoja wa maua ya kijani unaokufa wote juu ya udongo, lakini mwezi wa pili unatoka tena, na mara tu unapotoka unachanua. Mmea mwingine wa jamaa ile ile ulichanua hata mwezi wa kwanza, ndani ya baridi yenyewe. Akina mama wa Selborne walisaga majani yake na kuwapa watoto wenye minyoo. White aliandika kwamba dawa ile ni kali sana, inapaswa kutumiwa kwa uangalifu. Hapa kwetu pia wazee wanajua majani yanayoponya, na wanajua vilevile kwamba kipimo kikizidi yanaua.

Tena alishangaa juu ya ua liitwalo krokasi. Kuna krokasi inayochanua mwanzo wa mwezi wa tatu, hata kama baridi ni kali. Kuna ndugu yake anayefanana naye sana, lakini yeye anangoja mpaka mimea mingine inaanza kukauka ndipo achanue. Juu ya nini? Udongo ni mmoja na jua ni moja. White aliona kwamba hilo ni ajabu la uumbaji, ila watu hawalijali kwa sababu wanaliona kila mwaka.

Masikio yake

Upande wa ndege White alitumia masikio kama vile macho. Kulikuwa na ndege wadogo sana wa rangi ya majani, ambao hata wasomi waliwachanganya. White aliwasikiliza vizuri. Mmoja alirudia sauti mbili tu, kama mtu anayegonga nyundo ndogo. Mwingine wimbo wake ulishuka chini taratibu. Wa tatu alikaa juu kabisa ya miti mirefu, akatoa sauti ya kutetemeka. Mwaka wa 1768 aliandika kwa uhakika kwamba hao ni ndege wa aina tatu mbalimbali. Na ndivyo ilivyo.

Alitengeneza pia orodha ya siku wanazorudi. Yule mdogo wa sauti mbili alifika karibu tarehe 23 ya mwezi wa tatu. Mbayuwayu alifika karibu tarehe 13 ya mwezi wa nne. Kekeo, yule ndege anayetaga mayai katika viota vya wengine, alifika katikati ya mwezi ule. Mwisho alikuja teleka, ndege mweusi mwenye mbio anayeishi hewani, karibu tarehe 27. White alihesabu jozi 8 za teleka katika kijiji: nusu hivi walijenga katika kanisa, wengine katika nyumba za maskini zilizoezekwa kwa majani.

Swali lililomsumbua

Lakini ndege hao walikuwa wapi wakati wa baridi? Siku zile wasomi walibishana. Wengine walisema wanakwenda nchi za joto. Wengine walisema wanalala ndani ya mashimo, hata ndani ya matope chini ya maji, mpaka jua lirudi.

Ndugu yake John alikuwa mchungaji wa askari wa Waingereza huko Gibraltar, mahali ambapo Ulaya na Afrika zinakaribiana. Yeye alimwandikia kwamba ndege wengi, na mbayuwayu pia, wanavuka bahari pale. White alikubali kwamba wengi wanasafiri. Hata hivyo, mara kwa mara aliona mbayuwayu wachache katika mwezi wa kumi na moja, siku ya joto, wakati wenzao walikwisha kwenda zamani. Akawaza: labda wengine wamejificha hapa karibu.

Basi, katika mwezi wa nne wa 1781 aliweka watu wachimbue mizizi ya vichaka kwenye kilima, fasi ambayo mbayuwayu walipenda kurukaruka mwisho wa mwaka. Walichimba, hawakupata hata mmoja. Na wakati walipokuwa wakichimba, mbayuwayu wa kwanza wa mwaka ule alikuja akiruka juu ya kijiji, watu wakimwona, akaingia moja kwa moja katika kiota cha zamani!

White aliandika yote kama ilivyokuwa. Hakudanganya kwamba amepata kitu. Lakini pia hakuacha lile wazo lake, na shaka ile alikaa nayo mpaka mwisho.

Kitabu na kifo

Barua alizowaandikia wasomi wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington, zilikusanywa kuwa kitabu juu ya mambo ya asili na ya kale ya Selborne. Ndugu yake Benjamin alikitoa huko London mwisho wa 1788, na juu yake iliandikwa 1789. Kimepigwa chapa mara nyingi mno. Charles Darwin alikisoma alipokuwa kijana, naye akaanza kutazama ndege na kuandika. Gilbert White alikufa tarehe 26 mwezi wa sita 1793. Kaburi lake liko Selborne, na jiwe lake ni dogo, lenye herufi mbili tu za jina lake pamoja na tarehe.

Jibu lilikuwa wapi?

Mwaka wa 1911, huko Uingereza, mbayuwayu mmoja alivalishwa mguuni pete ndogo yenye namba. Mwezi wa kumi na mbili wa 1912 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Kuanzia mwaka wa 2010 wataalamu wa Uingereza waliwafunga teleka vyombo vidogo vya kuonyesha safari yao, na mwaka wa 2011 wakafanya vile kwa kekeo. Ndege wale walikwenda wapi? Kumbe, walikuja kwenye misitu ya bonde la Kongo!

Ndiyo kusema, White alipotazama juu ya kanisa lake bila kuona teleka, teleka wa namna ile walikuwa wakikamata wadudu juu ya misitu yetu. Alichimba kilima cha kwao, na jibu lilikuwa juu ya vichwa vya babu zetu. Na hata leo kazi haijaisha: mbayuwayu wale wenye kiuno cheupe, waliojenga katika nyumba za Selborne, makao yao ya Afrika yanajulikana nusu tu.

Ndugu zangu, katika Mathayo sura ya 6 Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake waangalie ndege na maua. White alitii neno lile kwa kalamu mkononi. Hakuwa na mashine ya bei kali. Alikuwa na kaye, macho, masikio na uvumilivu, tena ukweli wa kuandika alichokiona, hata kama hakikukubaliana na wazo lake.

Ikifika mwezi wa tisa ao wa kumi, tazameni juu. Mbayuwayu wenye koo jekundu wanaanza kufika kwetu. Mwezi wa tatu na wa nne wanakwenda. Nani ameandika tarehe zao hapa? Nusu moja ya habari iliandikwa Selborne. Nusu nyingine ni yetu sisi kuiandika.