Mario Tchou

Mario Tchou (Roma, 26 Juni 1924 – Santhià, 9 Novemba 1961) alikuwa mhandisi wa Italia mwenye asili ya China. Anakumbukwa kwa kuongoza kundi lililounda Elea 9003 ya kampuni ya Olivetti, mojawapo ya kompyuta za kwanza duniani zilizotumia transista pekee.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mwanadiplomasia wa China mjini Roma. Tchou alianza kusomea uhandisi mjini humo, kisha akahamia Marekani, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1947 na ya uzamili mwaka 1949. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Kazi

Mwaka 1954 alikutana na Adriano Olivetti, ambaye kampuni yake ilisifika kwa taipureta na mashine za hesabu lakini ilitaka kuingia katika elektroniki. Mwaka 1955 Tchou alirudi Italia akaanzisha maabara Barbaricina, karibu na Pisa. Kwa kuwa wataalamu wa kompyuta walikuwa wachache nchini, aliajiri hasa vijana.

Kompyuta yao ya kwanza, ya mwaka 1957, ilitumia valvu. Hizo ni kama balbu za kioo: hutoa joto jingi, hula umeme mwingi na huungua. Transista hufanya kazi ileile ikiwa ndogo na baridi zaidi. Kwa hiyo, ingawa mashine ya pili ya valvu ilikuwa imeshaundwa, Tchou aliamua kuanza upya kwa transista, hata kama mauzo yangechelewa. Ili zipatikane nchini, Olivetti ilishirikiana na kampuni ya Telettra kuanzisha kiwanda cha SGS mwaka 1957.

Elea 9003 ilionyeshwa mwaka 1959. Umbo lake lilibuniwa na Ettore Sottsass, na mteja wa kwanza alikuwa kampuni ya nguo ya Marzotto. Zilitengenezwa takriban 40.

Kifo na urithi

Adriano Olivetti alifariki ghafla Februari 1960. Mwaka uliofuata Tchou alikufa katika ajali ya gari kwenye barabara ya Milano–Torino, akiwa na miaka 37. Wapo walioshuku njama, lakini haikuthibitishwa.

Mwaka 1964 Olivetti, ikiwa na madeni, iliuza kitengo chake cha elektroniki kwa General Electric ya Marekani. SGS iliendelea, na leo ni sehemu ya STMicroelectronics.